Sahani ya maua mekundu

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kila ukimtazama baba Salma anakwambia umenuna, na juzi ulipomchekea akadai unamdharau. Hospitali wamesema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Unauliza kama bado anakupenda. Hilo muulize mwenyewe, mdomo upo. Mimi nitakueleza la sahani.

Unaikumbuka ile ya bati yenye maua mekundu, iliyobanduka rangi ukingoni? Wadogo zako tuliwaambia ilianguka. Haikuanguka, na wewe unajua. Ilikuwa 1996, mwezi wa nne tangu nipunguzwe kiwandani. Mama yako alirudi kutoka Feri na vibua viwili, akapika, akaniwekea wali, akanitazama. Kunitazama tu, mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. Mimi nikaona dharau. Nikairusha sahani ukutani. Ulikuwa na miaka minane. Uliinama ukaokota punje za wali moja moja, wala hukulia. Huko kutolia kwako ndiko kunakoniuma hadi leo.

Miaka mingi baadaye daktari alinichorea ubongo nyuma ya kadi ya kliniki. Ndani kabisa, kila upande, kuna kijisehemu kama lozi, wanakiita amigdala. Ni mojawapo ya sehemu zinazopima uso wa mtu, kama umebeba heri au shari. Kwa wagonjwa wengi wa sonona, uso wa huzuni hukishtua kupita kiasi, na wa furaha hukipita hivihivi. Basi tabasamu huonekana uso mkavu, na uso mkavu huonekana huzuni. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikaona dharau kwenye uchovu.

Akaniambia na hili: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti wa Oxford waliwapa wagonjwa dozi moja tu ya dawa ya sonona. Saa chache baadaye walizitambua nyuso za furaha vizuri zaidi, na moyo wenyewe ulikuwa bado mzito vilevile. Moyo huchukua wiki kadhaa. Wengi huacha vidonge katikati hapo, wakisema havifanyi kazi.

Lakini nisijifiche nyuma ya lozi. Lozi haina mkono. Aliyerusha ni mimi. Au nijitetee kidogo? Nilikuwa mgonjwa na hakuna aliyejua, wakasema nimerogwa, babu yako akaleta hirizi. Hapana, hata hivyo ningeweza kuuliza. Mdomo ulikuwepo. Ningesema, "Mama Rehema, mbona unanitazama hivyo?" angenijibu kuwa miguu inamuuma. Hivyo ndivyo alivyonijibu nilipomuuliza, miaka kumi na moja baadaye, akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo ukimchekea, sema na maneno: nimefurahi umekula, nimefurahi umeoga. Usiuachie uso kazi yote.

Kuhusu kuja Dar kupumzika au kubaki huko Dodoma, mama yako amenikataza kutoa hukumu. Mimi ningekwambia... basi, nanyamaza. Ila akiinua mkono, hapo sina mjadala: chukua Salma mpande treni siku hiyohiyo.

Hukuniandikia ameanza vidonge lini. Ni wiki ya ngapi?

Baba yako,
Temeke