Binti yangu anasema msichana wa kitabuni ni yeye

*Shangazi, binti yangu wa miaka 14 ameazima riwaya ya kifantasia. Shujaa wake ni yatima mwenye moto viganjani. Akikasirika nyumba zinaungua, kisha anajikata mikono kwa majuto. Nilipomuuliza anampendea nini, akajibu, "Huyo ni mimi." Dada yangu anasema kitabu kina uchawi, nikichome. Nimekificha kabatini. Nifanyeje? – Mama, Igoma, Mwanza*

Mama wa Igoma, pole. Kitabu usikichome. Kwanza kina mwenyewe, halafu kimemtoa binti neno ambalo huenda angekaa nalo mwaka mzima.

Kisome chote, usiishie ukurasa uliokutisha. Uchawi wa riwaya hizi sio ule anaouhofia dada yako. Mara nyingi nguvu humlipukia mtoto anapobalehe, maana hapo mwandishi anasimulia hasira ya umri huo. Na wazazi hufa mapema kwa sababu ya ufundi tu: mama makini angekuwepo, angemfungia mtoto ndani na hadithi ingeishia sura ya pili. Usidhani binti anakutakia kifo.

Kisha mrudishie, umwambie umekisoma. Msiongee mezani mbele ya wadogo zake. Ongeeni mkichambua dagaa: macho yako kwenye ungo, mikono ina kazi, mtoto hajioni yuko mahakamani. Anza na yule msichana. Kwa nini hakumwambia mtu? Nani pale angemsikiliza? Akinyamaza, na wewe nyamaza. Mawaidha yakiingia hapo, mazungumzo yamekwisha. Ndipo uulize: "Uliposema ni wewe, ulimaanisha moto, uyatima au kujikata?" Moto huenda ni hasira za umri. Uyatima huenda ni upweke, hata kama mnalala nyumba moja. La tatu halisubiri.

Hilo la tatu liulize waziwazi, hata kama hakuligusa: "Umewahi kujiumiza? Umewahi kutamani kufa?" Wazazi wengi wanaogopa kumtia mtoto wazo. Kuuliza hakumtii wazo. Wataalamu wa afya ya akili nao huuliza hivyohivyo. Akisema ndiyo, usifoke, wala usimvue nguo kumkagua. Fungia sumu ya panya, dawa za wadudu, vidonge na vyenye makali, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mpeleke hospitali. Hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, wanatibu magonjwa ya akili. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure, na hata yeye mwenyewe anaweza kupiga; mpe.

Akisema hapana, mwangalie kwa wiki mbili: usingizi, chakula, marafiki aliowaacha ghafla, nguo za mikono mirefu kwenye joto la mchana. Ukiona mabadiliko yasiyoisha, nenda naye kituo cha afya mlicho nacho karibu. Usipoyaona, mwache amalizie kitabu, na dada yako mwambie kimerudi kwa mwenyewe.