Batiki inayochuja: kasoro iko ndooni

SWALI: Natengeneza batiki Ngamiani, Tanga. Kwa mita nne za pamba nyepesi naweka kwenye ndoo ya lita 10 vijiko viwili vya rangi ya unga, kijiko kimoja cha kostiki soda na kimoja cha haidrosi (unga unaosaidia rangi kuyeyuka). Nakoroga mpaka povu lijae, nachovya kitambaa dakika 10, kisha naanika juani. Kikikauka kinapendeza, lakini kikifuliwa mara ya kwanza kinachuja, na ukikisugua kwa leso nyeupe rangi inabaki kwenye leso. Haidrosi ni ya mfuko niliofungua kabla ya masika. Nimeshauriwa niongeze chumvi na siki. Je, nimeuziwa rangi feki?

JIBU: Dada, usiitupe rangi yako. Kuchuja pamoja na kuacha alama kwenye leso ni dalili za haidrosi isiyotosha au iliyokufa, na kwako naona yote mawili.

Rangi ya aina hii kwa asili yake haiyeyuki majini. Kostiki na haidrosi zikishirikiana huipokonya oksijeni, nayo ikishayeyuka ndipo inapopenya ndani ya uzi wa pamba. Ukikitoa kitambaa hewani, oksijeni inairudia, inaganda ikiwa ndani ya uzi, na sabuni haiing'oi tena. Haidrosi ikipungua, rangi inaganda humo humo ndooni na kukaa juu ya kitambaa kama vumbi. Ndiyo maana kikikauka kinapendeza: rangi yote ipo, ila ipo nje.

Haidrosi huharibiwa na unyevu, na hewa ya Tanga wakati wa masika ina unyevu mwingi. Mfuko uliokaa wazi tangu wakati huo, ukikuta una mabonge na harufu kali inayokaba koo, usiutegemee. Nunua kidogo kidogo, igawe kwenye makopo makavu yenye mfuniko unaobana, na uchote kwa kijiko kikavu. Haidrosi iliyodondokewa na maji kidogo hupata moto yenyewe na inaweza kuwaka, kwa hiyo usiiweke karibu na ndoo za maji wala jiko.

Kosa la pili ni kukoroga mpaka povu. Kila povu ni hewa unayoiingiza ndooni, na hewa ndiyo inayoila haidrosi. Zungusha mwiko polepole bila kuupandisha juu ya maji.

Acha pia vijiko, nunua mizani ndogo ya jikoni. Mita nne za pamba nyepesi huwa na uzito wa kama gramu 700. Kwa hizo tumia rangi gramu 20, kostiki gramu 50 na haidrosi gramu 60 kwa lita 10. Anza na maji ya moto lita 2, nyuzijoto 50 hadi 55. Rangi ilainishe kwanza kwa maji kidogo iwe uji usio na mabonge, imimine humo, weka nusu ya kostiki, kisha nusu ya haidrosi, funika dakika 15. Kwenye ndoo kubwa weka lita 8 za maji ya kawaida na nusu zilizobaki, ziache dakika chache zimalize oksijeni iliyomo, ndipo umimine rangi taratibu ukingoni mwa ndoo. Tunayeyusha kwenye maji machache ya moto na kuchovya kwenye ndoo iliyopoa kwa sababu ya nta uliyochorea batiki: mishumaa mingi huanza kulainika kabla ya nyuzijoto 55, na ikilainika michoro yako inafifia.

Kabla ya kuchovya kitambaa chenyewe, chovya kipande cheupe kwa dakika moja. Kikitoka na rangi nyingine kabisa kisha kikageuka mbele ya macho yako hewani, ndoo iko hai. Kikitoka tayari na rangi ya mwisho, ndoo imekufa. Ongeza haidrosi gramu 15, subiri dakika 10, jaribu tena. Usishtuke rangi ya njano ikikupa maji ya buluu, zipo zinazofanya hivyo.

Kitambaa kiingie kimelowa, kizame chote, ukigeuze chini ya maji kwa dakika 15 hadi 20. Sehemu inayoelea juu ndiyo inayotoka na madoa. Kisha kitundike kivulini nusu saa. Jua la Tanga linalainisha nta, na upande uliokauka haraka hutofautiana na mwingine. Suuza mpaka utelezi wa kostiki uishe mikononi.

Siki haifungi rangi hii. Inaua kostiki tu, na ikiingia kwenye ndoo ya haidrosi inatoa gesi mbaya. Chumvi huisukuma rangi kidogo kwenda kwenye kitambaa, haiigandishi.

Hatua ambayo wengi wanaiharakisha ni kuchemsha. Unapotoa nta, chemsha kwa sabuni dakika 15 kamili, engua nta inayoelea, kisha badilisha maji uchemshe tena. Hapo ndipo chembe zilizobaki juu ya uzi zinatoka mikononi mwako badala ya mikononi mwa mteja. Kama unatumia maji ya kisima na sabuni inafanya utando badala ya povu, maji hayo yana chokaa, jambo la kawaida kwenye mwamba wa matumbawe. Tumia ya mvua au ya bomba. Kitambaa kipya nacho kichemshwe kabla ya kutiwa nta, mpaka tone la maji linywewe papo hapo, maana wanga wa kiwandani unazuia rangi.

Usitumie sufuria ya alumini, kostiki inaila. Tumia plastiki, au bati lenye enameli wakati wa kuchemsha. Vaa glavu ndefu, na siku zote mwaga kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki.

Vitambaa ulivyo navyo bado hujauza, vichemshe kwa sabuni leo. Vitapauka. Nta imeshatoka, kwa hiyo ukivichovya tena michoro myeupe nayo itashika rangi. Chagua rangi nyepesi ya juu, au viuze hivyo hivyo kama batiki iliyopauka na umweleze mnunuzi.