Re: Kimondo na nyota yenye mkia ni kitu kimoja?
Hapana mkuu, ni vitu viwili tofauti kabisa, ila wengi tunavichanganya. Nyota yenye mkia, yaani kometi, ni bonge la barafu na vumbi, likisogea karibu na jua ile barafu inageuka gesi ndo unaona mkia, na mkia siku zote unaelekea upande usio na jua, kwahiyo kometi ikiwa inaondoka mkia ndo unatangulia mbele, hii huwa inanifurahisha sana. Kometi maarufu inayoitwa Halley ilipita 1986, itarudi 2061.

Kimondo sasa ni kile kinachodondoka chini, na vingi vimemeguka kwenye asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Ukipata nafasi nenda Mbozi pale Songwe, Tanzania, ukakione kimondo kilichopo pale, tani kama 16, karibu 90% chuma tupu halafu na nikeli. Kiangalie kwa karibu, uso wake una vishimovishimo kama udongo uliobonyezwa na vidole gumba, hapo ndo palipoyeyuka kilipokuwa kinapita angani kwa kasi.