Nilibatizwa mchanga: je, kuzamishwa baharini ni ubatizo wa pili?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 31, nakaa Unguja. Nilibatizwa nikiwa na miezi mitatu katika kanisa la wazazi wangu, Anglikana, kwa kumwagiwa maji kichwani. Huu mwaka wa pili nasali na Wabatisti. Nilipoomba kuwa mshirika niliambiwa sharti nibatizwe kwa maji mengi, tena baharini. Mama hataki hata kusikia. Anasema Biblia imetaja ubatizo mmoja, na kwamba ninamkana Mungu aliyenipokea nikiwa mikononi mwa marehemu baba. Na mimi mwenyewe sijui kuogelea, naogopa maji. Je, natenda dhambi? Na lazima iwe bahari?

JIBU: Amina, dada yangu. Tuanze na mama, maana aya aliyoishika ameishika sawasawa. Waefeso 4:5 inasema Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, na hakuna Mbatisti anayebisha hapo. Wabatisti hawana ubatizo wa pili. Ubishi wenyewe ni huu: kati ya kumwagiwa maji utotoni na kuzamishwa sasa, upi ndio ubatizo wako.

Kanisa la mama linafundisha kwamba mtoto hupokelewa kwa imani ya wazazi na kanisa, kisha akikua huithibitisha mwenyewe kwenye kipaimara. Wabatisti wanasema ubatizo ni ungamo la yule anayeingia majini. Kwa hiyo mtoto wa miezi mitatu aliombewa, aliwekwa wakfu, alipendwa, lakini hakuungama kitu. Ndiyo sababu watakwambia huendi kubatizwa upya, unakwenda kubatizwa. Soma Matendo ya Mitume (Mdo) 2:41: waliolipokea neno ndio waliobatizwa. Soma 8:12: waliamini, kisha wakabatizwa, wanaume na wanawake. Mpangilio ni huo huo kila mahali, imani kwanza, maji baadaye.

Mama akikutajia nyumba nzima zilizobatizwa, ana hoja, usimdharau. Ila nenda naye aya kwa aya. Nyumba yote ya mlinzi wa gereza huko Filipi ilihubiriwa neno, na Mdo 16:34 inaonyesha furaha ya watu waliokwisha kuamini. Nyumba ya Stefana, 1 Wakorintho 16:15, ilijitia katika kuwahudumia watakatifu, na mchanga hawezi kazi hiyo. Nyumba ya Lidia haikuelezwa ilikuwa na nani. Hapo mkubaliane kwamba andiko limenyamaza, wala wewe usilisemeshe.

Kuna sehemu nyingine inayokugusa zaidi, Mdo 19:1-7. Watu kama kumi na wawili huko Efeso walikuwa wameshabatizwa ubatizo wa Yohana. Paulo alipowaeleza habari za Yesu, wakabatizwa kwa jina lake. Itumie kwa uangalifu, kwa sababu mama anaweza kukujibu kwamba ule wa kwanza haukuwa ubatizo wa Kikristo na wako ulikuwa kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Atakuwa amesema kweli. Aya hiyo haimalizi kesi, inaonyesha tu kwamba maji yaliyotangulia kabla ya kumfahamu Kristo hayakuwazuia mitume kumwingiza mtu majini.

Jambo hili liliwahi kugharimu roho za watu. Huko Zürich, Januari 1527, Felix Manz alitoswa mtoni Limmat akafa, kosa lake ni kubatiza watu wazima waliokwisha kubatizwa wachanga. Neno Anabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili, lilikuwa tusi ambalo Manz na wenzake walibandikwa na wapinzani wao. Wabatisti si Anabaptisti, wana chimbuko lao, lakini tusi hilo nao liliwafuata. Kwa hiyo ukisikia mtu anakucheka kwamba unabatizwa mara mbili, maneno hayo ni ya kale.

Hilo chimbuko lina jambo ambalo Wabatisti wengi hawalijui, na linasaidia kupunguza kiburi. John Smyth, Mwingereza aliyekimbilia Amsterdam, mwaka 1609 alijibatiza mwenyewe kisha akawabatiza wenzake, na alifanya hivyo kwa kumwagia maji. Mwenzake Thomas Helwys alirudi Uingereza akaanzisha kanisa Spitalfields, London, mnamo 1612. Hawa walishikilia ubatizo wa walioamini, lakini habari ya maji mengi ilikuja baadaye, London, miaka ya 1640 na kuendelea. Ungamo la makanisa ya London la mwaka 1644 ndilo lililoandika wazi kwamba mwili wote uzamishwe. Na pembeni likaongeza kitu ambacho mtu wa Zanzibar atakielewa haraka: mbatizaji na mbatizwa wote wavae mavazi yanayofaa, kwa staha yote. Kwetu Afrika Mashariki, wamisionari wa Kibatisti kutoka Marekani waliingia Tanganyika mwaka 1956. Visiwani Ukristo ulikuwa umetangulia karibu karne nzima kabla yao: Wakatoliki mwaka 1860, Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, mwaka 1864. Kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini lilianza kujengwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Mama yako anatoka kwenye mti mkubwa. Usizungumze naye kana kwamba amelala gizani.

Kwa nini maji mengi basi? Neno la Kigiriki baptizo maana yake ni kuchovya, kuzamisha. Lilitumika hata kwa jahazi linalozama. Yohana alibatizia Ainoni kwa kuwa palikuwa na maji tele (Yohana 3:23), na Filipo na towashi walitelemka majini wote wawili. Zaidi ya neno kuna picha. Warumi 6:4 inauita ubatizo maziko. Maziko yanataka mtu afunikwe, kisha ainuliwe.

Sasa bahari. Si lazima. Mto ukifaa ni sawa, birika la kanisani ni sawa, tangi la saruji nyuma ya nyumba ni sawa. Bahari kwetu Unguja huchaguliwa kwa sababu ipo na haina bili. Birika la urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2 na kina cha maji cha sentimita 90 linameza lita 2,160, sawa na madumu 108 ya lita 20. Mtaa wenye mgao wa maji hauwezi kufanya hivyo kila robo mwaka. Maji hayo pia yana uzito wa zaidi ya tani mbili, kwa hiyo birika huwekwa chini, si juu ya sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kupanga. Na kama kanisa lenu lina birika, mwambie mtu wa vyombo kipaza sauti chenye waya kisikaribie maji hata kidogo. Mwaka 2005 mchungaji wa kanisa la Kibatisti huko Waco, Texas, alishika kipaza sauti akiwa ndani ya birika, umeme ukamuua mbele ya kusanyiko.

Bahari nayo ina masharti yake, na yanayoharibu ibada mara nyingi ni maji kupwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji kwetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ibada ya Jumapili inapoisha, bahari imekimbia. Upande wa Paje na Jambiani utatembea mwendo mrefu kweli, kanzu nyeupe ikiburuzika matopeni, upite katikati ya kamba za mwani za akina mama, na bado maji yatakuwa ya magotini. Wiki moja baadaye, maji mafu, mnamo tarehe nane na ishirini na tatu za mwezi wa kuandama, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi mnamo saa nne, kwa utulivu, na hayapandi wala kushuka sana. Hiyo ndiyo Jumapili ya kubatizia. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kuangalia jedwali.

Mkilazimika kubatiza wakati wa bamvua maji yakijaa, fanyeni hesabu kwanza. Tofauti ya maji kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 4 kwa saa sita, na katika saa za katikati maji hupanda karibu mita moja kwa saa. Watu kumi, kila mmoja dakika tatu, ni nusu saa. Aliyeanza maji yakiwa kiunoni, wa mwisho yatamfika kifuani. Mchungaji husogea kuelekea nchi kavu hatua chache kila baada ya watu watatu.

Ufuo nao uchaguliwe. Usiwe karibu na mfereji wa maji taka wala gati. Chini pawe mchanga mgumu. Penye mikoko miguu inazama. Pwani ya mashariki wakati wa kusi ina upepo na mawimbi, ile ya magharibi huwa shwari zaidi. Shemasi mmoja atangulie kupapasa chini kwa miguu akiwa na viatu, maana wale wadudu wa miiba mirefu myeusi hawaonekani maji yakiwa na mchanga. Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, aarifiwe mapema, na vipaza sauti visiwepo. Kuimba kwa mdomo kunatosha. Kama ni Ramadhani, chakula msikile ufuoni mchana.

Hofu yako. Hutaogelea. Utasimama maji yakiwa kiunoni, na utakuwa chini ya maji sekunde mbili tu. Mchungaji atasimama ubavuni kwako, na wewe utageuza mgongo kwenye bahari, uso nchi kavu, kwa sababu wimbi linalokuja kutoka nyuma linakusaidia kuinuka, linalokuja mbele linakuingia puani. Utaziba pua kwa mkono wa kulia na kuushika mkono huo kwa wa kushoto. Atakuuliza kwa sauti kama unamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako, utajibu mwenyewe, usiitike kwa kichwa. Kisha atatamka kwamba anakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mkono wake mmoja uko nyuma ya mabega yako, mwingine juu ya mikono yako.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanakakamaa kama gogo. Mtu aliyekakamaa miguu huelea juu, kichwa kinazama, na mchungaji anabeba uzito wote. Kunja magoti kidogo, vuta pumzi ukisikia neno "Roho", ulegee nyuma kama unayeketi kitini. Kiwiko kikibaki juu, mchungaji atakizamisha, usishangae. Ukiwa na pumu au kifafa mwambie kabla. Watasimama wawili, mmoja kila upande. Hedhi haikuzuii ubatizo, wala nywele zilizosukwa.

Mavazi: kanzu nyeupe ya kitambaa chepesi ikilowa huonyesha kila kitu. Vaa ndani nguo nzito ya rangi ya giza yenye mikono, funga kanzu kiunoni, na shona vipande vidogo vya risasi za nyavu kwenye pindo isije ikaelea. Khanga ya kujifunga tu hufunguka majini. Mama au dada mwingine awepo nchi kavu na kanga kavu mbili, ya kukufunika na ya kubadilishia ndani yake.

Kuhusu dhambi, dada, sikuoni ukitenda dhambi. Ungetenda dhambi kama ungeingia majini bila kuamini, ili tu upate Meza ya Bwana na kura katika mkutano wa washirika. Ubatizo hauokoi. Mwizi msalabani hakubatizwa. Ndiyo maana pia huna sababu ya kukimbilia Jumapili ijayo. Kama moyo wako bado unayumba, endelea na darasa la ubatizo mpaka utulie. Makanisa mengine ya Kibatisti, hasa Uingereza, humpokea mtu aliyebatizwa mchanga kama mshirika akikiri imani yake, bila kumlazimisha kuzamishwa. Kwa kuwa kila kusanyiko la Kibatisti linajitawala, muulize mchungaji wako kama lenu lina utaratibu huo. Lakini nijuavyo mimi, visiwani hapa wengi hawana.

Kwa mama, usimpelekee habari baada ya tendo. Mwalike aje ufuoni akae kivulini, hata kama hatasema amina. Mwambie kwamba maombi ya baba siku ile hayakupotea, kwamba unachokiri leo ni jibu lake. Cheti chako cha ubatizo wa utotoni kitunze. Kina tarehe yako ya kuzaliwa na majina ya wazazi, na siku moja ofisi fulani itakitaka.

Na siku hiyo mwambie shemasi anayepanga foleni akuweke wa kwanza. Ukisubiri tisa wazamishwe mbele yako, hofu itapanda haraka kuliko maji.