Msafirishaji, kisafirisha au kivusha lipidi?

Swali: Natafsiri makala kuhusu protini zilizo katika seli za fangasi waletao maradhi. Nimeandika: "Wasafirishaji wa mafuta husafirisha mafuta kwenye utando wa seli." Mwenzangu anasema sentensi haisomeki vizuri. Kosa liko wapi?

Jibu: Mwenzako ana haki. Tuanze na jina. Mtenda wa m- kwa kawaida ni mtu: msafirishaji, mkulima hata mwizi wako upande huo. Chombo tunakipa ki-. Tuna kipaza sauti, kipima joto na kizima moto, kwa hiyo "kisafirisha lipidi" kingepita bila kelele. "Mafuta" yaache, kwa kuwa lipidi (mafuta na jamaa zake) za utando ni pamoja na ergosteroli, na hakuna atakayeiona ergosteroli akisikia "mafuta". "Utando" umechagua vyema: ni kile kinachotanda juu ya maziwa yaliyopoa, chembamba na laini. Wapo wanaopendelea "kiwambo", ila mimi nikisikia kiwambo nasikia ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, imekaza, na utando wa seli haujakaza hivyo.

Tatizo kubwa ni "kusafirisha kwenye". Kiswahili hakiweki mwelekeo katika neno la mahali. Nimetoka nyumbani, niko nyumbani, nakwenda nyumbani: "nyumbani" ni ileile, kazi yote inafanywa na kitenzi. Sasa sentensi yako inapeleka lipidi utandoni, inazitoa, au inazizungusha humohumo? Msomaji hajui, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Utando una matabaka mawili. Protini iitwayo flipasi hutoa lipidi tabaka la nje na kuileta la ndani, flopasi hufanya kinyume chake, na zote mbili hutumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati katika seli. Protini Cdr1 ya fangasi Candida albicans ni flopasi, na ndiyo hiyohiyo inayotema nje dawa za fangasi za jamii ya azoli. Katika fangasi mwingine, Cryptococcus neoformans, flipasi ikikosa protini mwenzi wake, Cdc50, fangasi huyo hudhurika kwa kaspofunjini, dawa ambayo kwa kawaida haimtishi.

Kitenzi ninachokipendekeza ni "vusha". Anayevusha ana ng'ambo mbili, na msomaji atazidai zote mbili. (Wengine husema "pindua", kwa kuwa kichwa cha lipidi hugeukia upande wa pili. Ni kweli, lakini "protini pinduzi" itamfanya msomaji atafute serikali iliyoangushwa.)

Ningeandika: "Kivusha lipidi hutoa fosfatidilserini katika tabaka la nje la utando na kuivushia la ndani." (Fosfatidilserini ni mojawapo ya lipidi za utando.) Wingi wake ni vivusha lipidi, kama vipaza sauti. Ukiandika "vivusha vya kuvu" ulimi utateleza, kwa hiyo hapo baki na "fangasi".