Pasipoti ya dada iko kabatini kwetu

*Shangazi, shikamoo. Mama alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Tulichangishana, wakala akatuletea dada kutoka nchi nyingine. Usiku anamgeuza mama kila baada ya saa mbili, mchana anapika na kufua za watu sita. Miezi miwili tu, ameanza kununa, anasema anataka kurudi kwao. Kaka amefungia pasipoti yake kabatini asije akatoroka, maana tumelipa hela nyingi. Tufanyeje abaki? — Binti Mkubwa*

Marahaba mwanangu, poleni kwa kuuguza.

Barua yako nimeirudia mara mbili nikitafuta huyo dada analala saa ngapi, sikuona. Kumgeuza mama ni lazima, la sivyo mgongo unachubuka na vidonda vinaingia. Ila anayekesha na mgonjwa hawi tena wa kufua mashuka ya nyumba nzima. Huko si kununa. Ni usingizi huo.

Pasipoti itoke leo. Kaka ampe mkononi, bila hotuba. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani akae na hati zake mwenyewe, apumzike walau saa 24 mfululizo kila wiki, na siku hiyo halazimiki kushinda humo ndani. Na hela ya wakala ni yenu, msithubutu kumkata mshahara ili irudi. (Eti asitoroke! Mtu mnamwachia mama yenu usiku kucha, halafu hamumwamini na kitabu chake?)

Kisha muulize taratibu wakala alimwambia nini kabla hajapanda ndege, na kama alipewa mkataba kwa lugha anayoisoma. Nahisi aliambiwa anakuja kumtunza bibi mmoja, basi. Nyinyi mkaambiwa mnaletewa wa kila kitu.

Kufua na kupika kurudini kwenu. Usiku gawaneni, na kaka mwenye ufunguo wa kabati aanze yeye.

Akishalala siku tatu nne, ndipo umuulize kama bado anataka kwenda. Akisema ndiyo, mpe mshahara wake wote na nauli. Kabla hajaondoka, mwombe awaonyeshe anavyomwinua mama bila kuuvuta ule mkono uliopooza, maana bega hilo likivutwa linaumia, na kesho yake mtakaomwinua ni nyinyi.