Ukitaka kuwahesabu popo wa Pemba, tafuta kwanza wanapolala

Wengi wanaoniuliza habari za kuhesabu popo huanza na kifaa: wanunue kipi? Vipo vinasa sauti vizuri vya kunasa milio myembamba ya popo wanaokula wadudu. Kwa popo mkubwa wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita 1.6 hivi, havifai kitu. Huyu huongozwa na macho na pua. Chukua darubini, dira na daftari, kisha utafute watu wanaoishi naye.

Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa eneo hilo. Malalo kadhaa yamo kwenye miti mikubwa ya makaburini, na huko mgeni hajiingilii tu. Baada ya sheha na wazee, zungumza na wachuma karafuu, kwani wao wako juu ya miti na wanaona mbali kuliko sisi tuliosimama chini.

Usijaribu kuwafuata jioni. Wakitoka hutawanyika, huyu kwenye mwembe, yule kwenye mshelisheli. Mimi hutegemea alfajiri, wanaporejea. Panda kilimani, upime kwa dira wanakoelekea. Mwenzako naye apime akiwa kilima kingine. Mistari ikikatana kwenye ramani, nendeni hapo mchana. Harufu kali, kelele za ugomvi na matawi ya juu yaliyopukutika majani vitawamalizia kazi.

Mchana majani huwaficha wengi, kwa hiyo napendelea kuhesabu wanapotoka. Fikeni kabla ya magharibi, mgawane anga, kila mtu na upande wake. Wakizidi, hesabu kwa makumi. Wanaojifunza waweke wawili upande mmoja, walinganishe hesabu zao mpaka zikaribiane. Na hili nalisisitiza kuliko yote: malalo yote yahesabiwe jioni moja. Popo huhama kufuata matunda. Ukihesabu malalo ya kijiji cha Kidike leo na ya msitu wa Ngezi wiki ijayo, huenda ukawahesabu walewale mara mbili. Mwakani rudieni mwezi uleule, la sivyo mtadhani wamepungua kumbe wamefuata maembe kwingine.

Kazi hii ina uzito wake. Popo huyu hapatikani popote duniani ila Pemba. Kufikia 1989, bunduki za wawindaji na ukataji wa misitu vilikuwa vimemmaliza kiasi kwamba wachunguzi waliona wachache mno. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kumlinda, Kidike ikiwa mfano unaojulikana sana, na katika miaka ya 2000 idadi yake ikakadiriwa kuwa kama 20,000. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo hasara ya msimu mmoja huchukua muda mrefu kufidiwa.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza mtu anapopiga makofi chini ya mti ili popo waruke apate picha. Watoto wa popo huweza kuanguka. Mkiona kundi linaanza kuruka mchana, rudini nyuma mara moja. Vaeni kofia, msimguse aliyeanguka kwa mikono mitupu, na mkitoka nawieni kwa sabuni, maana popo wanaweza kubeba virusi hatari.

Mkigundua malalo mapya, msiyatangaze mtandaoni. Mpeni taarifa sheha na watu wa misitu, na muwaachie nakala ya hesabu zenu.